Baka linalorudi palepale: kisa cha mbanguaji wa korosho na dawa ya mgongo

Mgonjwa wa kisa hiki ni mama wa makamo, mkulima na mbanguaji wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde, mkoani Mtwara. Ameniruhusu nikieleze kwa sharti kwamba jina lake, kijiji na vituo alikopita visitajwe, na mambo madogo madogo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Kilichomleta ni mabaka matatu. Moja lilikuwa kwenye mdomo wa juu upande wa kushoto, la pili juu ya mkono wa kulia karibu na kidole gumba, na la tatu sehemu za siri, ambalo hakulitaja mpaka mazungumzo yalipofika mbali na binti yake akawa ametoka nje. Yote yalikuwa yamemtokea usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Si mageni haya, daktari," alisema. "Yanaondoka, yanarudi. Na yakirudi, yanarudi palepale."

Ukiwa tabibu na ukasikia mgonjwa wa ngozi anasema hivyo, acha kalamu kwanza umsikilize. Ni magonjwa machache sana yanayorudi kwenye alama ileile ya ngozi, kama yamepimwa kwa rula, na orodha yake inaingia kwenye kiganja kimoja. Mama huyu alikuwa ameshaisema kauli hiyo mahali pengine kabla ya kufika kwetu, lakini haikuandikwa popote.

Alichokuwa ameambiwa

Daftari lake la matibabu lilikuwa na maelezo matatu ya ugonjwa uleule, na majirani walikuwa na la nne.

La majirani lilikuwa pweza. Pweza wa kukaanga hupandishwa huku juu kutoka pwani, na mtu akitokwa na vipele ndiye wa kwanza kushukiwa. Mama aliacha pweza, akaacha na mayai, miezi kadhaa, na mabaka yakarudi hivyohivyo.

Maelezo ya kwanza ya kwenye daftari yalikuwa korosho, na hayo nataka niyatendee haki kwa sababu hayakuwa ya kipuuzi. Ganda la korosho lina mafuta makali, yenye asidi ya anakadiki na kadoli. Yanaunguza ngozi, yanaacha weusi vidoleni usiotoka kwa sabuni, na kwa watu wengine huleta mzio wa kweli. Mkorosho na mwembe ni wa ukoo mmoja, na wapo watu wanaovimba midomo kwa utomvu wa embe kwa sababu inayofanana na hiyo. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanalijua jambo hili kuliko kitabu chochote, ndiyo maana wengi hujipaka majivu au mafuta kabla ya kukaa kazini. Mama huyu vidole vyake vilikuwa na alama zote za kazi: ncha nyeusi, ngozi kavu inayobanduka kwenye gumba na kidole cha shahada. Basi aliyemwona msimu ule aliangalia vidole, akaona korosho, akaandika korosho. Vidole vilisema kweli kuhusu vidole. Havikuwa na la kusema kuhusu mdomo.

Maelezo ya pili yaliandikwa kwa maneno matatu tu: "aleji ya salfa". Nilipouliza yalitoka wapi, ikawa mama alisema kwamba macho na mikono humuwasha mumewe anapopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, kuanzia mwezi wa sita hivi, na vumbi linapotua nyumbani. Unga huo wa shambani ni madini ya salfa. Dawa kama Septrin ya maambukizi ya bakteria na SP ya malaria, ambazo nazo watu huziita za salfa, zina molekuli nyingine kabisa, na vumbi la mikorosho kumuwasha mtu si sababu ya kumnyima Septrin. Lakini sikufuta maneno yale haraka, kwa sababu Septrin ni miongoni mwa dawa zinazoongoza duniani kwa kuleta mabaka ya aina hii, na Watanzania wengi wa umri wa mama huyu wanakumbuka watu walioharibika ngozi kwa SP ilipokuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini, kati ya mwaka 2001 na 2006. Nikamuuliza. SP alimeza kliniki kwenye ujauzito wake wa mwisho, bila shida yoyote. Septrin hakumbuki kumeza miaka mingi, na hakika si kwenye vipindi vya mabaka. Hapo ndipo nilipoiweka salfa pembeni.

Maelezo ya tatu yalimuumiza zaidi. Mabaka yalipomtokea mara ya pili, safari hii na sehemu za siri, alitibiwa kwa magonjwa ya zinaa na akaambiwa amlete mwenzake. Mhudumu alifuata mwongozo. Kidonda sehemu za siri, mahali pasipo na maabara kubwa, hutibiwa kwa dalili, na kwa wagonjwa wengi hilo ni jambo sahihi linalookoa. Lakini kwa mama huyu ndoa iliingia doa. Mume alikunywa dawa bila kusema neno, kisha akahama chumba. Aliponieleza hayo alikuwa akiangalia sakafu.

Tulichokiona

Vitabu vingi vya ngozi vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na vinasema baka la aina hii ni jekundu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, utapitwa. Mabaka yake yalikuwa na rangi ya zambarau iliyoingia kijivu, yaliyokoza kuliko ngozi ya pembeni, mviringo, na yenye ukingo unaoonekana wazi. La mkononi lilikuwa kubwa kupita sarafu, na katikati yake palianza lengelenge dogo. Ukipitisha kidole unasikia limeinuka kidogo na lina joto. La mdomoni lilikuwa limevimba na linawaka. Kuzunguka baka la mkononi kulikuwa na pete ya weusi wa zamani, maana yake baka jipya lilikuwa limekalia kovu la rangi la lile lililopita.

Kisha tulitafuta yale ambayo tuliomba tusiyakute. Macho hayakuwa na wekundu wala tongotongo. Ndani ya mdomo, kwenye mashavu na kaakaa, hapakuwa na vidonda. Joto la mwili lilikuwa la kawaida. Kifua na mgongo vilikuwa safi. Nilisugua kwa kidole ngozi iliyo karibu na lengelenge kuona kama tabaka la juu linateleza na kuvuka, halikuteleza. Uso haukuvimba, sauti haikubadilika, pumzi ilikuwa sawa. Dakika hizo chache za kuangalia macho, kinywa na ngozi nzima ndizo zinazotenganisha mgonjwa wa kurudi nyumbani na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya mkoa usiku huohuo. Mgonjwa yeyote mwenye vipele vinavyoshukiwa kuwa vya dawa anastahili kupewa dakika hizo, hata foleni ikiwa imefika getini.

Sehemu za siri zilikaguliwa na muuguzi wa kike, pazia likiwa limefungwa. Palikuwa na baka moja la mviringo, lililochubuka juu, lenye ukingo uleule wa zambarau. Mpinzani mkubwa hapa ni hepesi ya sehemu za siri, kwa sababu nayo hurudi, na mara nyingi hurudi eneo lilelile. Lakini hepesi huja kama malengelenge madogo madogo yaliyokusanyika, hutanguliwa na mwasho au kuchomachoma, na huwa haiachi baka jeusi linalodumu miezi. Wala haileti baka pacha juu ya mkono usiku uleule. Vipimo vya kaswende na virusi vya UKIMWI havikuonyesha kitu.

Kalenda ya mabaka

Swali la "umetumia dawa gani?" nilikuwa nimeshaliuliza mwanzoni, akajibu kwa uaminifu kabisa: "Sijatumia dawa yoyote." Jibu hilo hulipata kila tabibu, na mara nyingi si uongo. Kwa watu wengi dawa ni ile iliyoandikwa na daktari. Kidonge cha maumivu kinachonunuliwa dukani viwili viwili, bila boksi wala maelezo, hakihesabiwi.

Nikaliuliza kwa mlango mwingine.

"Mama, mgongo ukikushika baada ya kubangua, huwa unafanyaje?"

"Nameza vile vya dukani, mwanangu, nalala."

Tukaanza kupanga matukio, si kwa tarehe, kwa sababu tarehe hakuna azikumbukaye, bali kwa mambo ya kijijini. Tukio la kwanza la mabaka lilitokea msimu wa korosho, minada ikiendelea, wakati anakaa chini siku kutwa na wenzake wa kikundi wakibangua. Mgongo ulikuwa haumpi usingizi, na alikuwa akinunua vidonge karibu kila wiki. La pili lilikuja wakati wa kupalilia, mvua zikiwa zimekolea. Nikamuuliza kama wakati huo nyumbani palikuwa na korosho za kubangua. Hapakuwa na hata moja, zote zilikuwa zimeshakwenda ghalani na fedha zimeshaliwa. Alikuwa ameinama shambani kwenye karanga na mihogo, jioni akameza vidonge viwili, na kabla ya adhana ya alfajiri mdomo ulikuwa unawaka. Kwangu mimi, tukio hili la pili ndilo lililoiondolea korosho mashtaka ya mdomo na ya baka la mkononi.

La tatu ndilo hili alilokuja nalo. Alikuwa kwenye msiba wa upande wa mumewe, amelala mkekani, mgongo ukakaza hadi akashindwa kuinuka. Akapelekwa kituo cha jirani, akachomwa sindano ya maumivu alasiri. Usiku ule mabaka yote matatu yakarudi. Daftari lilionyesha sindano yenyewe: diklofenaki miligramu 75.

Binti yake alirudi nyumbani kuchukua pakiti ya vidonge, na aliporudi nayo tukaisoma pamoja. Kila kidonge kilikuwa na diklofenaki miligramu 50 na paracetamol miligramu 500, mchanganyiko ambao watu wengi madukani huuita diklopa. Kwa maneno mengine, kila mabaka yalipotokea diklofenaki ilikuwa imeingia mwilini, mara kwa kidonge, mara kwa sindano, na nafasi kati ya dawa na baka ilikuwa masaa, si siku.

Huu ndio ugonjwa ambao kwa kitabibu huitwa mlipuko wa dawa wa mahali maalumu. Picha zake, za mdomoni na mkononi tu, nilizituma kwa ridhaa ya mama kwa mwenzangu, tabibu wa ngozi aliyesomea kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho tangu 1992 kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa ngozi kwa hospitali zilizo mbali na miji mikubwa. Akakubaliana na utambuzi, na akaongeza swali moja ambalo nitalirudia mbele.

Kwa nini palepale

Jambo hili lilielezwa kwa mara ya kwanza kwa sababu ya dawa ya maumivu. Antipirini, moja ya dawa za kwanza kabisa za maumivu na homa kutengenezwa maabara, ilianza kutumika miaka ya 1880. Mwaka 1889 Bourns alieleza mabaka yaliyomtokea mgonjwa midomoni na ulimini baada ya kuimeza, na mwaka 1894 daktari Mfaransa Brocq akaupa ugonjwa huo jina linalotumika hadi leo.

Maelezo ya ndani yalikuja baadaye sana. Mtu anapopata baka mara ya kwanza, baadhi ya chembe nyeupe za kinga, zile zinazoua chembe zilizoambukizwa, hazirudi kwenye damu ugomvi ukiisha. Zinabaki chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, mahali palepale, kama walinzi waliolala ghalani wakimkumbuka mtu mmoja tu. Dawa ileile ikiingia tena mwilini, kwa kinywa au kwa sindano, inafika kwenye ngozi yote, lakini wanaoamka ni wale waliolala pale. Ndani ya nusu saa hadi saa nane hivi, wakati mwingine zaidi, wanazishambulia chembe za ngozi zilizo jirani nao. Rangi ya ngozi iliyokuwa juu inamwagika chini, inamezwa na chembe nyingine, na huko haitoki upesi. Ndiyo sababu baka likipona linaacha weusi wa miezi, na kwa watu weusi hata miaka.

Kuna jambo moja hapa linalonitia hofu kuliko weusi. Kila dawa inaporudiwa, mabaka huweza kupanuka na mapya kuongezeka. Mama alianza na mawili, akawa na matatu, na safari hii lengelenge likaanza. Wapo wagonjwa wachache ambao mwishowe hufunikwa na mabaka yenye malengelenge mwili mzima, na hao huumwa kweli, wengine hufa. Kusema "kipele tu hiki, kitaondoka" ni kumwachia mgonjwa hatari hiyo.

Panadol nayo?

Swali la mwenzangu wa Moshi lilikuwa hili: kidonge kina dawa mbili, umejuaje kuwa mkosaji si paracetamol? Ni swali zuri, maana paracetamol nayo hujulikana kuleta mabaka ya aina hii, na kama ndiyo, basi ningekuwa namkataza mama dawa salama na kumwachia yenye madhara.

Majibu yalikuwa mawili. Sindano ya msibani ilikuwa diklofenaki peke yake. Na mama huyu, kama sisi sote tunaoishi kwenye malaria, amemeza panadol kwa homa mara nyingi katikati ya vipindi hivyo, pamoja na dawa ya mseto, bila mdomo kuwaka. Mashtaka yakabaki kwa diklofenaki. Kipimo cha kuthibitisha kipo: dawa hupakwa juu ya baka la zamani lililotulia na kusubiriwa. Hupakwa pale kwa sababu ndipo chembe zenye kumbukumbu zilipo. Mgongoni kwenye ngozi safi kipimo hakiwezi kusema kitu. Kwetu hakifanyiki, na kwa kisa kilicho wazi namna hii sikuona haja ya kumsafirisha mgonjwa kwa ajili yake.

Vipele vingine vya dawa hizi

Dawa za maumivu zinazopunguza uvimbe ni kundi kubwa: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indometasini na nyingine. Ngozi inaweza kuzikataa kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazifanani kwa hatari wala kwa ushauri anaopaswa kupewa mgonjwa.

Inayoonekana sana ni vipele vya kuvimba na kuwasha vinavyohama, asubuhi mkononi, mchana tumboni, pengine na kope au midomo kuvimba. Hiyo mara nyingi si kinga ya mwili kuichukia dawa moja. Ni kazi yenyewe ya dawa: kimeng'enya kinapozuiwa ili maumivu yapungue, malighafi yake inageuzwa upande mwingine kuwa kemikali zinazovimbisha. Kwa hiyo mtu wa aina hii akitokwa na vipele kwa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo zinaweza kumfanyia hivyohivyo, kwa sababu kazi yao ni moja. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, hapo hakuna cha kusubiri. Mwenye pumu naye awe na tahadhari ya ziada na kundi hili zima.

Kuna vipele vidogo vidogo vya kusambaa kifuani na mikononi, vinavyokuja siku kadhaa baada ya kuanza dawa, kwa kawaida kati ya ya nne na ya kumi na nne. Vingi huisha dawa ikiachwa. Kuna pia ngozi kuungua na jua baada ya kupaka jeli ya ketoprofeni, jambo ambalo wavuvi na wakulima wa huku wanapaswa kulijua.

Na kuna ule ugonjwa wa ngozi kuvuka, unaoitwa Stevens-Johnson, na ndugu yake mkali zaidi. Huanza kama mafua: homa, koo, macho kuuma. Kisha ngozi inauma hata kabla ya kuonyesha kitu, mabaka meusi yanajitokeza kifuani, midomo na macho yanachubuka, ngozi inavuka. Huja kati ya siku 4 na 28 baada ya kuanza dawa, ndiyo maana watu wengi hawaiunganishi na dawa. Ikivuka chini ya asilimia 10 ya ngozi, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa. Ikizidi asilimia 30, vifo hufika theluthi na kupita. Kwenye kundi la dawa za maumivu, meloksikamu na piroksikamu zinajulikana kwa hatari hii kuliko wenzao, pamoja na kwamba ni nadra. Valdekoksibu, ndugu mwingine wa kundi hili, iliondolewa sokoni mwaka 2005, na madhara makali ya ngozi yalikuwa miongoni mwa sababu. Nalisema hili kwa sababu meloksikamu imejaa madukani kwetu, na mtu aliyepata mabaka kwa diklofenaki mara nyingi huambiwa pale dirishani, "basi chukua hii nyingine."

Je, mama huyu angeweza kuchukua hiyo nyingine? Kwa mabaka ya mahali maalumu, mwili huwa unaikataa dawa moja au jamaa zake wa karibu kwa umbo, si kundi zima kwa kazi yake. Aseklofenaki ni jamaa wa karibu wa diklofenaki na asiiguse. Ibuprofeni ni wa ukoo mwingine, na inawezekana kabisa isimdhuru. Lakini neno "inawezekana" si la kujaribia nyumbani, mtu akiwa peke yake usiku. Likihitajika, litafanyika hospitalini, kwa kipimo kidogo, mtu akimwangalia.

Alichopewa, alichokatazwa

Matibabu yenyewe yalikuwa mafupi. Diklofenaki isimamishwe. Krimu ya betamethasoni kwa baka la mkononi siku chache, vaselini kwa mdomo, maji safi na vaselini kwa sehemu za siri, na setirizini usiku kwa sababu ya mwasho. Lengelenge lisitumbuliwe. Paracetamol kwa mgongo, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi mara nne kwa siku, na apewe ikiwa peke yake, si ndani ya mchanganyiko. Akiona homa, macho mekundu, vidonda kinywani au baka jipya lenye lengelenge, arudi hata usiku.

Muda mrefu tuliutumia kwenye makatazo. Mgonjwa akiambiwa "usimeze tena diklofenaki" anaelewa kidonge. Hajui kwamba sindano ya maumivu inaweza kuwa hiyohiyo, na jeli ya kuchulia magoti inaweza kuwa hiyohiyo. Tuliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino mwekundu na herufi kubwa: DIKLOFENAKI, ASIPEWE KWA KIDONGE, SINDANO, KIPACHIKO WALA JELI. Chini yake tukaandika jina kwa Kiingereza kama linavyochapwa kwenye boksi, na binti akapiga picha pakiti kwa simu yake. Yale maneno ya "aleji ya salfa" nikayakata kwa mstari mmoja, nikaandika sababu na tarehe, ili anayekuja nyuma yangu aone kilichokuwepo na kwa nini kimeondolewa.

Kuhusu weusi uliobaki, mama aliuliza mwenyewe kama apake krimu ya kung'arisha. Hapana. Mikorogo yenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali italeta madhara mapya kwenye uso na haitaufikia weusi ulioko chini. Weusi huo hufifia wenyewe, polepole, mradi dawa isirudiwe.

Mgongo nao haukusahaulika, kwa sababu ndio uliomsukuma dukani. Tulikubaliana abangulie juu ya meza na kiti chenye mgongo badala ya kukaa chini, avae glovu, na ainuke kila baada ya muda. Kikundi chao kina meza mbili, akaomba mojawapo. Alipewa pia rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa viungo.

Mume alikuja wiki iliyofuata, kwa kuitwa na mkewe. Alipokaa tu alinisalimia, kisha akanyamaza. Nilimweleza mbele ya mkewe, hatua kwa hatua: kidonge cha kupalilia, sindano ya msibani, mdomo, mkono, na kule kwingine. Nilimwambia wazi kwamba baka lile halikuambukizwa na mtu na haliambukizi. Aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwonyesha baka la mkononi, nikamuuliza kama hilo nalo limetokana na mwanamume mwingine. Akainamisha kichwa. Alichomwambia mkewe walipotoka sikukisikia wala hakinihusu, ila safari ya pili ya kliniki walikuja wote.

Kisa hiki nimekiripoti kwa TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa nchini, kwa fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, kupitia ofisi yao ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Tanzania imo kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 1993, lakini mpango hauwezi kujua kinachotokea huku Makonde ikiwa fomu zinabaki droo ya meza. Fomu haidai uhakika. Shaka yenye maelezo inatosha: dawa gani, lini, nini kilitokea, na kiliisha vipi. Wenzangu wa maduka ya dawa muhimu ndio wanaoziona pakiti hizi kila siku, na ndio ninaowaomba zaidi, kabla ya kutoa kidonge cha mgongo, waulize kama kimewahi kumtoa mtu vipele, na akisema ndiyo, wasimbadilishie chapa wakadhani wamembadilishia dawa.

Binti yake ndiye aliyeuliza swali la mwisho. Naye hubangua, naye humuuma mgongo, na alitaka kujua kama asimeze diklofenaki kwa sababu ya mama yake. Nilimjibu kwamba mabaka ya mama si sababu ya kutosha ya yeye kuiepuka. Anachopaswa ni kujua jina la anachomeza, kumeza pale tu anapohitaji, asimeze tumbo likiwa tupu, na aachane nayo kabisa akiwa mjamzito hadi aulize kliniki. Siku mdomo wake utakapowaka usiku baada ya kidonge, aje na pakiti mkononi.